Lori la Maji Lililoandikwa Ambulensi

Jumatatu, 1 Septemba

Chai ya rangi, mahamri mawili ya jana, kidonge cha presha. Mtoto kapiga teke nilipokuwa nikinywa. Nikatua kikombe nikasubiri teke la pili. Likaja. Kila asubuhi nasubiri la pili ndipo niende kazini, na siku litakapochelewa sijui nitafanya nini.

Ofisini hakuna jipya. Msimamizi wa wadi nzima, na kazi yangu leo ilikuwa kumtazama Katana akisinzia. Katana ndiye dereva wa lori la maji. Lori lenyewe limeegeshwa nyuma ya ofisi, tangi tupu, nyasi zimeota kwenye matairi. Mwaka mpya wa bajeti ulianza Julai lakini fedha za idara ya maji hazijashuka, na bila fedha hakuna mafuta. Nimepiga simu makao makuu. Wameniambia nisubiri. Nimekuwa bingwa wa kusubiri.

Mama naye kapiga kutoka Malindi. Ataka nishuke nikakae kwake hadi nijifungue. Nimemwambia likizo yangu ni katikati ya Oktoba, mtoto ni wa Novemba, kuna haraka gani. Akakata. Mama akikasirika hukata simu, kisha hupiga tena kunijulisha kwamba amekata.

Jumatano, 3 Septemba

Dama, nesi wa zahanati, kaja ofisini akafunga mlango kwanza ndipo akasema. Wagonjwa wawili kutoka Kwa Chivatsi. Wanahara maji meupe, kama yaliyooshewa mchele. Macho yameingia ndani. Yeye hakulitaja jina, nikalitaja mimi. Kipindupindu. Akaitikia kwa kichwa.

Kwa Chivatsi ni kijiji cha mwisho wadini. Maji yao ni ya silanga, lile dimbwi la kuchimbwa ambamo ng'ombe huingia upande huu na watu wakateka upande ule. Lori likitembea, hawana haja na silanga. Lori limelala.

Naogopa. Nimenawa mikono hadi vidole vimekunjamana. Daftari hili halisomwi na mtu, basi niseme: sikuwafikiria wale wagonjwa kwanza. Nilifikiria tumbo langu. Yule wa kwanza alinifia tumboni, barabarani, tukingoja gari ambalo halikuja. Sitaki kuandika zaidi ya hapo.

Kitu kimoja chanipa nguvu. Tangu mwaka jana zahanati ina ambulensi. Naiona kutoka dirisha la ofisi, nyeupe, chini ya kipaa chake cha mabati. Salim mume wangu yuko Malindi na duka lake la vifaa vya ujenzi, na alikubali nibaki huku kwa sababu ya gari hilo tu. Akipiga simu huliulizia kabla hajaniulizia mimi.

Ijumaa, 5 Septemba

Mtu mmoja amekufa Kwa Chivatsi. Ameacha watoto wadogo.

Nimezungumza na Bwana Fadhili wa idara ya afya, huko Malindi. Mtu mpole, ila ukimuuliza saa atakueleza saa ilivyotengenezwa. Mwishowe nimeelewa hivi. Idara ya afya ina mafuta, lakini kifungu chao chasema mafuta ya ambulensi. Idara ya maji ina lori, haina mafuta. Mafuta ya afya yakiingia kwenye lori la maji, aliyetia sahihi atayajibu. Hazina ya dharura ipo, haikuguswa, lakini haifunguki mpaka itangazwe kwamba kuna dharura. Na huko juu hakuna anayetaka kulitaja jina la ugonjwa msimu wa hoteli ukikaribia. Kwenye karatasi zao ni kuhara tu.

Nikamuuliza, huyu aliyezikwa basi amekufa kwa nini?

"Bi Zuhura, mimi nakuelewa," akasema. "Lakini bajeti haina masikio."

Nikamwambia mimi ninayo. Nikakata simu kama mama.

Jumapili, 7 Septemba

Nimekwenda matangani Kwa Chivatsi. Msimamizi asipoonekana msibani ni sawa na kwamba hayupo wadini. Nikaketi mkekani na kina mama. Likaja sinia la wali na maharagwe, mikono ya watu wote ndani yake. Sikula. Nikasema nimefunga. Mwanamke mwenye tumbo hili, jua hili, amefunga. Walinitazama wakaniacha na uongo wangu.

Kasoro mmoja. Wamwita Hawe Kahaso, hawe kwao ndiyo bibi. Mfupi, mkali, ana fimbo na anaitumia. Inasemekana hata chifu humkwepa. Akaniambia mbele ya wote, "Wewe mwana wa mjini waogopa mikono yetu. Sisi twaogopa maji. Leta maji, mikono tutanawa."

Wakacheka, hata mfiwa. Mimi uso ulinishuka. Kisha akanishika tumbo bila kuomba ruhusa, akatangaza kwamba ni mtoto wa kike na ana kichwa kikubwa.

Nilipofika nyumbani nilichoma leso niliyokalia. Leso nzuri. Hofu imenifanya mjinga.

Jumanne, 9 Septemba

Makao makuu wameleta kikao cha maoni ya umma. Si cha ugonjwa. Cha bajeti ya mwaka ujao. Hema, viti vya plastiki, kipaza sauti, na katoni za maji ya chupa. Watu walijaa kuliko mkutano wowote niliowahi kuuitisha. Nikadhani wameipenda bajeti. Kumbe wamezipenda chupa.

Hakuna aliyefungua yake. Walizikumbatia. Afisa akauliza vipaumbele vya wadi kwa mwaka ujao, mzee mmoja akauliza kama chupa zilizobaki zitarudi zilikotoka. Hawe Kahaso akasimama akasema wao Kwa Chivatsi mwaka ujao hawauhitaji, waihitaji kesho. Afisa akaandika: maji, kipaumbele cha kwanza, mwaka ujao. Nilimwona akiandika. Alikuwa na mwandiko mzuri.

Wagonjwa hawaenei tena ndani ya zahanati. Dama amewalaza nje, kwenye vitanda vya kamba, dripu zimetundikwa kwenye matawi ya mwarobaini. Nilipita kwa mbali, mtandio puani. Naona aibu, na kesho nitapita kwa mbali vilevile.

Alhamisi, 11 Septemba

Wazo limetoka kwa Katana, tena kwa mzaha. Alikuwa ameegemea tairi akimung'unya mabuyu.

"Hili lori kosa lake ni moja tu," akasema. "Halikuzaliwa ambulensi. Lingezaliwa ambulensi lingekuwa lashiba."

Nilicheka. Kisha nikaacha kucheka nikampigia Fadhili. Akaniomba nirudie. Halafu akaeleza kwamba wakati wa maradhi idara moja yaweza kuazima gari la idara nyingine, na gari lililoazimwa na afya huandikwa chini ya kifungu kilichopo. Kifungu kilichopo ni kimoja.

"Safari zote utatia sahihi wewe," akasema. "Mimi nitaandika ambulensi. Sijui kama ina kitanda au ina tangi."

Nimetia sahihi. Kazi yangu, pensheni yangu, jina la marehemu baba. Lakini pale nje mama mmoja alikuwa akipita na mtoto mgongoni, na kichwa cha mtoto kilikuwa kikining'inia. Mtoto mzima hashiki kichwa namna ile.

Jumatatu, 15 Septemba

Wa kituo cha mafuta kakataa. Kadi ya mafuta yasema ambulensi, yeye aona lori. Ana haki yake. Katana karudi na tangi kavu, kanuna.

Basi tumemwita fundi anayeandika vibao vya maduka. Kaandika AMBULENSI milangoni, kulia na kushoto, rangi nyekundu. Na kwa vile ni mtu anayeipenda kazi yake, kachora na mwanamke amelala kitandani anatabasamu. Mgonjwa gani huyo wa kutabasamu. Dama alicheka hadi akakaa kitako chini, na Dama hajacheka tangu mwezi uanze. Wa kituo cha mafuta akalizunguka lori, akautazama ule mchoro kwa muda, akajaza.

Jumatano, 17 Septemba

Lori limetembea. Maji ya bomba la sokoni, klorini ya Dama, mimi mbele na Katana, tumbo limebanwa na dashibodi. Vijiji vinne. Kwa Chivatsi mwisho.

Mitungi ilikuwa imepangwa kutoka barabarani hadi shuleni. Hawe Kahaso wa kwanza, na nadhani hakufika wa kwanza. Akaonja. "Yanuka hospitali," akasema, akanywa tena.

Nikawaambia watu zamu yao itakuwa Jumanne na Ijumaa, na silanga wasiiguse kabisa. Yule bibi akanisogelea. "Ukisema Ijumaa ni Ijumaa? Maana mimi nitakaa pale silangani na fimbo yangu, na mtu asiteke."

Nikasema Ijumaa ni Ijumaa.

Kila mtu alikuwa akisoma lile neno mlangoni na kuangalia tangi, na hakuna aliyeuliza. Nawapenda kwa hilo.

Ijumaa, 26 Septemba

Dama ameondoa vitanda vya nje. Waliobaki wanaenea ndani, na wawili wanakula uji. Kwa Chivatsi hakuna mgonjwa mpya. Katana asema bibi amemchapa mjukuu wake mwenyewe kwa kuingiza kata silangani.

Nimekula vizuri. Nimelala mchana kidogo. Mtoto apiga bila kusitasita. Nimenunua nepi sokoni, zile za kitambaa, kisha nikazificha chini ya kitanda ili nisizione. Mara ile nilinunua mapema.

Jumanne, 30 Septemba

Nilisikia injini ya ambulensi, nikadhani inakwenda kumchukua mgonjwa. Dereva wake akaingia ofisini kuniaga. Kwaheri ya wapi? Ya Kaloleni. Ugonjwa umefika upande huo na hawana gari. Amri imetoka makao makuu kwamba wadi yenye ambulensi mbili itoe moja.

Mbili.

Nimempigia Fadhili. "Waliangalia orodha, Bi Zuhura. Yako yasema mbili."

"Moja ni lori la maji, na wewe wajua."

"Mimi najua. Wao hawajui. Ukitaka wajue, waandikie."

Nikiwaandikia, ambulensi yarudi kesho. Na kesho hiyohiyo lori lalala, na Hawe Kahaso na fimbo yake watakuwa wanalinda kiu.

Kipaa cha mabati ni kitupu. Chini kuna doa la oili. Sikuweza kufanya kazi tena, nimekaa nimeligeuzia dirisha mgongo.

Jumatano, 1 Oktoba

Nimeandika barua. Nimechana. Nimeandika tena.

Niweke sawa jambo moja, maana watu wakija kujua wataniita mwema. Si wema. Ni hofu mbili, na nimechagua ile isiyo na uhakika. Yangu huenda isitokee. Yao nimeiona imelala chini ya mwarobaini. Mimba iko salama, nina wiki mbili kabla ya likizo, nitashuka Malindi mapema, yataisha. Hivyo ndivyo ninavyojidanganya na najijua ninapojidanganya.

Barua nimeichana. Nachukia kwamba nimeichana. Nimelishika tumbo nikamwomba mwanangu radhi. Hajapata hata jina.

Jumamosi, 4 Oktoba

Salim kaja. Kaleta machungwa, halua, na neti mpya ya mtoto. Sikumwambia. Tulitembea jioni hadi zahanati kunyoosha miguu, akaona kipaa.

"Gari liko wapi?"

Nikasema limepeleka mgonjwa. Akapatazama pale patupu, akasema Mungu amsaidie huyo mgonjwa. Nikasema amina.

Sijawahi kumdanganya Salim kwa jambo kubwa. Halua nimeiacha sahanini.

Jumanne, 7 Oktoba

Presha imepanda. Miguu imevimba, viatu haviingii, nimekwenda kazini na kandambili. Dama alipima, akapima tena mkono wa pili, akanyoosha kidole kuelekea barabarani. Nishuke leo.

Nimesema Jumamosi. Salim atakuja na gari la rafiki yake. Kuna suala la sahihi: safari za lori hazitoki bila yangu, na kumkabidhi mtu kalamu ni kumwonyesha mchezo wote. Naibu wangu hakai na neno. Akijua leo, kesho lajulikana hadi Mombasa. Nitatafuta namna kabla ya Jumamosi.

Dama akasema, "Nakwambia kama dadako, Zuhura, si kama nesi."

Jumamosi, nikasema. Akaufunga ule mpira wa kupimia polepole, hakunitazama.

Kichwa chaniuma nyuma ya macho. Mtoto apiga, lakini taratibu. Naogopa kulala.

Ijumaa, 10 Oktoba

Asubuhi. Chai imepoa, sijainywa. Mgongo. Nje Katana yuko na lori, tangi limejaa, leo ni zamu ya Kwa Chivatsi. Namsikia akiimba.

Teke moja tangu alfajiri.

La pili halijaja.

Jumatatu, 13 Oktoba. Malindi, hospitalini

Ni msichana. Yu hai. Naandika tena ili nilione neno: yu hai. Yuko kwenye kile kijumba cha kioo chenye joto, ana mrija puani, ngumi zake zimekunjwa.

Nitaandika yaliyotokea kisha sitayarudia. Damu ilianza nikiwa mlangoni kwangu. Mwanamke jirani alimkimbilia Dama. Dama akaniangalia, akakiangalia kile kipaa kitupu, akamwita Katana. Gari ni moja tu. Lakini lori limejaa maji, na lori lililojaa kwenye ile barabara ya mawe hutambaa.

Katana hakumuuliza Dama. Aliniuliza mimi. "Nimwage?"

Nikasema mwaga.

Akafungua bomba lote la nyuma. Watu wa sokoni walikuja mbio na ndoo, na masufuria, na mmoja na kofia. Mengine yote yalikwenda mchangani. Wakanilaza kwenye kiti cha mbele, kichwa mapajani pa Dama, na Katana akaendesha huku akisoma dua zote za kwao kanisani, na zilipomwishia akaingiza za kwetu alizozisikia kwa jirani zake. Njia nzima nililisikia lile tangi tupu likigonga nyuma yetu. Nilifikiri nitakufa na kitu cha mwisho kusikia kitakuwa hicho. Mlinzi wa getini alisoma mlango, akafungua bila swali.

Walinipasua papo hapo. Daktari asema tungekawia kidogo tu tungekuwa tunazungumza mengine, kisha akakumbuka kwamba mimi ndiye mgonjwa akaanza kusoma faili langu.

Salim alilia ukumbini. Baadaye akaniuliza ambulensi ilikuwa wapi. Nikamweleza yote. Akatoka nje akakaa huko muda mrefu. Aliporudi alinimenyea chungwa. Ninaogopa kumuuliza anawaza nini.

Lori lilibaki uwanjani kwa hospitali. Mafuta yaliisha, kadi haitoi bila sahihi, na mtia sahihi alikuwa amelazwa hajijui. Leo nimetia, na sindano ingali mkononi. Katana ataondoka jioni hii ili kesho awahi zamu. Dama alirudi Jumamosi kwa gari la kulipia.

Nawafikiria Kwa Chivatsi. Kisha mtoto analia, nasahau. Kisha nakumbuka.

Ijumaa, 17 Oktoba

Nimetoka hospitali, niko kwa mama. Tumempa mtoto jina: Rehema. Kichwa kweli ni kikubwa.

Katana kaja na kuku wa kienyeji, miguu imefungwa kwa ukindu. Hakufanya mzaha hata mmoja. Hakutaka kuingia, akakaa kwenye ngazi. Nilijua kabla hajasema, lakini nilimwacha aseme.

Ijumaa ile walipanga mitungi tangu asubuhi. Hawe Kahaso alikaa silangani na fimbo hadi jua likatua. Waliotaka kuteka aliwafukuza, hata watoto. Msimamizi kasema Ijumaa. Jumamosi akakaa tena. Ilipofika adhuhuri watoto wakaanza kulia, akatoa ile chupa ya kikaoni, alikuwa ameiweka, akawagawia kwa kifuniko. Haikutosha kitu. Jioni akaondoka pale silangani mwenyewe, na watu wakateka. Yeye naye alikunywa.

Waliougua si wengi. Dama amewaokoa wote isipokuwa yule bibi. Dripu ilikuwa haimshiki tena, ilibidi aletwe Malindi, na gari la kumleta halikuwapo. Lori lilipofika Jumanne na maji liliwakuta wanachimba kaburi lake.

Katana alikuwa anamgeuza yule kuku huku na huku. "Walipomaliza kuzika walinawa kwa maji yetu," akasema. "Foleni nzima. Hakuna aliyesukumana."

Nikamuuliza wanasema nini juu yangu. Akasema wanauliza kama mtoto alipona. Aliwaambia kapona, wakasema vyema.

Niliingia ndani nikamchukua Rehema nikamshika hadi akalalamika. Mama akaniuliza kuna nini. Nikamwambia kuku ni mnono.

Jumanne, 21 Oktoba

Mfanyakazi wa hoteli moja upande wa Kikambala ameugua. Hiyo ilikuwa jana. Leo asubuhi redio imetangaza dharura ya kipindupindu. Neno lile lile lililowashinda kulitamka mwezi mzima na zaidi limetamkwa bila kigugumizi, kwa sauti nzuri, kabla ya habari za michezo.

Fadhili kanipigia kunipongeza kwa mtoto na kunipa habari njema. Hazina imefunguka. Idara ya maji ina mafuta. Ambulensi itarudi kutoka Kaloleni wiki hii. Lori limerejeshwa kwa wenyewe na milango imepakwa rangi. Nilimsikiliza hadi mwisho. Nilikuwa na hasira hata nikashindwa kumtukana, na mimi si mtu wa kushindwa na hilo.

Mwishoni akateremsha sauti. Wakaguzi wamo njiani. Wameona ambulensi moja imekunywa mafuta kuliko nyingine zote. "Jina lililopo pale ni lako, Bi Zuhura. Nasikitika."

Kwa hivyo sasa naogopa na hili. Kazi ikienda, iende. Nasema hivyo mchana. Kisha namtazama Rehema akinyonya na hofu yarudi mahali pake, yakaa, yajinyoosha.

Jumatano, 5 Novemba

Mkaguzi amekuja. Nilitarajia mwanamume mkali mwenye mkoba. Alikuwa mama wa makamo, buibui safi, manukato ya udi, na kwa kuwa sijamaliza arobaini mama alimkaribisha chumbani. Akaketi ukingoni mwa kitanda. Akaomba kumpakata mtoto, nikampa. Alijua kumshika, mkono mmoja chini ya kichwa.

Tulizipitia safari zote za lori. Alikuwa hana haraka. Hii ilibeba mgonjwa? Hapana, maji. Hii? Maji. Kila nikisema maji aliweka alama ndogo ya kalamu, bila ubaya. Akanieleza kwamba zote hizo ni matumizi yasiyofaa ya mafuta ya ambulensi, na itanibidi nizijibu kwa maandishi, na pengine kwa mshahara. Nikasema nimeelewa. Nje mama alikuwa akitwanga kitunguu saumu.

Tukafika Ijumaa ya tarehe kumi. Akasoma. Akamtazama Rehema, akanitazama mimi, akatabasamu. Alikuwa amefurahi kwa ajili yangu, niliona.

"Hii iko sawa," akasema. "Mama mja mzito, hali ya hatari, hadi hospitali. Katika zote hii ndiyo pekee iliyo halali."

Akanionyesha pa kutia sahihi. Nikatia. Akaniuliza kama nina la kuongeza kuhusu safari hiyo.

Nikamwambia lori lilikuwa na maji ndani, na kuna watu walikuwa wanayangoja.

Akasema kwa upole kwamba hilo halihusu kifungu hiki.

Kisha akanirudishia mtoto, akanywa chai yake, akaenda zake.